Nilivyowafundisha Kuvuta Pete

Ninyi mnaoushika ukumbi huu sasa, kaeni chini kwanza. Najua hampendi kukaa. Mtu wa gimnastiki akikaa kidogo anaona kama anaota kutu. Kaeni tu, pete hazitakimbia. Katika daftari nililowaachia nimeandika namna ya kufunga kamba, namna ya kukagua chuma, namna ya kumkinga mtoto asianguke kwa kichwa. Jambo moja sikuliandika. Nilitaka mlisikie kwa mdomo wangu, mkiniangalia usoni.

Nimefundisha kuzungusha mwili kwenye pete hapa Bunia muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo nilifundisha vibaya. Sisemi vibaya ile ya mzee anayejishusha ili asifiwe. Nasema vibaya ya kuumiza mtu. Neno langu lilikuwa moja, "Vuta!", na nililipaza mpaka akina mama wauza sombe, majani ya muhogo, wa ng'ambo ya barabara wakawa wananisalimu nalo asubuhi, Metre wakimaanisha mwalimu: "Jambo, Metre Vuta!" Nami nikaona fahari, mjinga mimi.

Neno lenyewe nililirithi. Aliyenifundisha ni Muzee Alphonse, mtu wa Gety, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi katika shule ya misheni nilikosoma. Alikuwa mfupi, mikono migumu kama mizizi, na sikumbuki siku aliyosema amechoka. Pete zake alizipinda mwenyewe kwa chuma cha ujenzi, akazifunga mpira wa baiskeli, akazitundika kwenye boriti ya darasa. Boriti ilikuwa chini, kwa hiyo kamba hazikufika hata urefu wa mkono wangu. Kamba ikiwa fupi hivyo, pete haisafiri. Inakaa palepale kama msumari ukutani, nawe ukivuta kwa nguvu mwili unapanda, na watu wanapiga makofi.

"Vuta!" alikuwa akitupigia kelele. "Vuta sawa vile unatosha ng'ombe mu potopoto!" Kama unamnasua ng'ombe topeni, ndivyo alivyotaka tuvute.

Kwa pete zile Muzee Alphonse hakukosea. Alikufa hajaona kamba ndefu maishani mwake, na mtu asiende kumlaumu kaburini. Kosa ni langu mimi niliyelibeba neno lake nikaiacha boriti yake.

Portike hii mnayoitumia, hiki chuma kirefu cha kutundikia pete, tuliipata katika miaka ile bunduki ziliponyamaza. Mnajua kunyamaza kulivyokuwa? Watu walikuwa wanacheka, wanajenga, wanaoana, lakini bati likipigwa na upepo kila mtu anageuka. Vijana wa kuchomelea walitusaidia, wakaunga mabomba ya zamani mpaka chuma kikapita paa la nyumba ya jirani. Kamba zilizotoka juu mpaka kwenye pete zilikuwa na urefu wa karibu watu wawili. Nilipoziona nikapiga ishara ya msalaba kwa furaha.

Siku ya kwanza nilitaka kuwaonyesha watoto mimi mwenyewe. Ule unga mweupe wa kukausha mikono hatukuwa nao, nikasema unga ni unga, nikapaka wa muhogo. Jasho likatoka. Jasho na unga wa muhogo na joto la viganja, jamani, kinachopatikana ni bugali. Niliteleza nikiwa juu, nikaruka kama furushi, na pale nilipotua matela, lile godoro letu la kuangukia, haikuwepo, kwa sababu tuliijaza maganda ya mahindi na mbuzi wa jirani walikuwa wamekula upande mzima. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Chekeni nanyi, nawaruhusu, kwa maana huko mbele hakuna kicheko.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, maana wengine hapa mmejiunga mwezi uliopita. Mnafikiri pete ni bembea. Si bembea. Kwenye bembea ya mtoto mnataka kamba ziende na mtu. Kwenye pete mnataka kinyume chake: mtu azunguke, na kamba zitulie. Miguu ikienda mbele, pete zinataka kwenda nyuma, na mkiziacha ziende kidogo, zinarudi zenyewe kukaa juu ya mwili. Mkizilazimisha zifuatane na miguu, mtafika juu mkiwa mnasafiri na kamba kama nguo iliyosahauliwa kwenye uzi wakati wa dhoruba.

Na pale chini kabisa, mwili unaponyooka chini ya pete, pale ndipo mtu anapokuwa mzito kuliko alivyozaliwa. Pale mikono iwe mirefu, mabega yaachiwe, pete zisukumwe kwenda pembeni, mbali na mbavu. Mlisikia? Kusukuma. Kuvuta hapana.

Mimi nilikuwa nasema vuta.

Sasa Dieudo. Ninyi mnamjua kama mwalimu wenu, yule anayewafokea mkichelewa. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita, akikaa mtaa wa Bigo na mama yake. Ni watu wa ng'ombe tangu mababu, wenyeji wa Ituri hii. Mimi nyumbani kwangu ni mtaa wa Lumumba, na baba yangu alikuja hapa na biashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Nimezaliwa hapa, jino langu la kwanza limezikwa hapa, lakini kukiwa na ugomvi mimi ni "yule wa kuja". Yashikeni hayo mawili, kwa sababu yaliingia katika bega la mtoto bila mtu kuyaita.

Dieudo alikuwa mwepesi, tena msikivu. Ukimwambia kitu anakifanya mara mia. Siku ile tulikuwa tunafanya kupindua mabega: mtu anatoka nyuma, miguu inapanda juu, mikono inafunguka pembeni, na mwili unageuka katikati ya pete na kushuka mbele. Pete zinaomba zifunguliwe. Nikaona anashuka, nikapiga kelele yangu, "Vuta!" Naye, kwa sababu ni msikivu, akazivuta pete mbavuni. Mwili wote ukaangukia kamba mara moja pale chini. Nilisikia mlio. Hakulia. Alining'inia kwa mkono mmoja, ananiangalia.

Muuguzi alilirudisha bega mahali pake. Na mimi, wanangu, siku Dieudo aliporudi ukumbini mkono umefungwa shingoni, nilisema nini mbele ya wenzake wote? Nilisema, "Unaona? Hukuvuta ya kutosha."

Naona hamcheki tena. Vizuri.

Haikupita muda mke wangu, Mama Jeanne, akarudi kutoka sokoni na uso ambao haukuwa wake. Alikuwa anauza maharagwe ya Gety, na kwenye meza ya maharagwe habari zote za mji zinapita.

"Baba Jeanne, uko nasikia yenye banasema?"

"Banasema nini?"

"Banasema ulivunja mutoto wa batu kusudi. Juu yeye si wa kwetu."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Bunduki zilinyamaza," akasema, "midomo hapana."

Nilikasirika sana. Nikaapa nitawaonyesha kwamba njia yangu ya kufundisha ni sahihi na bega lilitoka kwa uzembe wa mtoto. Nikachukua mizani ya mke wangu, ile ya kuning'iniza, yenye uso kama saa, ambayo alikuwa anapimia magunia. Nikaitundika kwenye kamba ya portike na chini yake nikafunga bidoni la maji la lita ishirini. Mama Jeanne akanifuata akipiga kelele, "Mizani yangu hiyo! Ukiivunja utauza maharagwe na mikono!" Bidoni likitulia, sindano ilisoma kilo ishirini na kidogo. Sawa. Nikapanda ngazi nikilivuta bidoni pembeni mpaka kamba ikalala karibu sambamba na ardhi, nikaliachia.

Lilipopita chini sindano iliruka ikakaribia sitini.

Nikarudia. Karibu sitini tena. Bidoni halikubadilika, maji ni yaleyale. Basi Dieudo alipopita chini alikuwa amebeba Dieudo watatu. Nikafikiri, na kama kamba imelegea kwanza halafu ikakazwa ghafla, kama alivyofanya aliponitii mimi? Nikaliinua bidoni kamba ikalegea kidogo, nikaliachia. Kamba ilipokaza, mizani ililia, sindano ikazunguka mpaka mwisho, ikabaki huko. Ilikufa. Mke wangu hakuiangalia mizani, aliangalia uso wangu.

Pale nikajua. Mtu mwenye uzito wa watu watatu mabegani unamwambia avute? Unamwambia awe mrefu, afungue, auache uzito upite. Mimi nilikuwa nimewaambia watoto wakunje mikono ndani ya radi.

Mnafikiri nilikimbia Bigo kuomba msamaha? Sikukimbia. Niliketi na mke wangu tukaongea, na yeye akasema kitu cha akili: "Ukienda kusema ni kosa yako, batasikia nusu ya maneno. Nusu yenye banataka." Ni kweli. Kusema "nilikosea" mjini kwetu miaka ile haikuwa kitu kidogo. Mtu angesikia tu "nilimvunja", angekwenda nayo kwa ndugu zake, na siku ya tatu si habari ya bega tena. Nikajiambia nanyamaza kwa ajili ya amani. Sehemu ya hiyo ilikuwa kweli. Sehemu nyingine, niliona haya.

Wiki tatu nilinyamaza. Ukumbini nilibadilisha neno kimyakimya, nikaanza kusema "Fungua!", na watoto wakadhani nimechoka na lile la zamani.

Kisha siku moja nikapita Bigo kwa mguu, nikamwona Dieudo. Kulikuwa na nyumba inayojengwa, boriti iko wazi, naye amening'inia pale kwa mkono ule ule mbovu, anajivuta. Uso umemkunjika, mate yanamtoka kwa maumivu.

"Dieudo! Uko nafanya nini?"

"Niko nakomalisha bega, Metre." Alishuka akajifuta. "Ulisema sikuvuta ya kutosha. Bega yangu njo iko zaifu. Labda Mungu aliniumba vile."

Nilimwambia tu asiguse boriti tena, nikarudi nyumbani nikitembea kama mlevi. Mama Jeanne akanisikiliza, akaweka kisu cha sombe chini. "Nilikuambia ungoje," akasema. "Sasa nasema ingine. Mficha uchi hazai. Enda."

Nilikwenda kesho yake saa za asubuhi. Mama Dieudo alikuwa uani anasuka maziwa. Kibuyu chake alikitundika kwa kamba kwenye nguzo ya jiko, anakipeleka mbele na nyuma kwa mkono mmoja. Kaka yake mkubwa, mjomba wa Dieudo, alikuwa ameketi kwenye kiti, fimbo ya ng'ombe magotini. Dieudo alisimama mlangoni.

"Karibu, Metre. Ikala."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza habari za mvua. "Mama Dieudo, ni miye njo niliumiza mutoto wako. Yeye hakukosa kitu. Nilimufundisha mubaya."

Mjomba aliinuka palepale. "Muliskia? Anakubali yeye mwenyewe! Siye tulisema tangu mwanzo!"

"Yaya, ngoja," mama akamwambia kaka yake. "Hajamaliza."

Lakini kaka hakungoja. Alisema mengi, juu yangu, juu ya baba yangu, juu ya watu waliokuja na mizigo kichwani na sasa wana maduka. Majirani wawili watatu walikuja ukingoni mwa uzio. Sikuweza kumwangalia yeye wala mama, nikaangalia mkono unaosuka. Na hapa, wanangu, katikati ya aibu yangu ndipo nilipojifunza somo ambalo ninyi nyote mmefundishwa mkidhani nimelitoa kitabuni. Kibuyu kinakwenda mbele, lakini maziwa ndani yanachelewa. Yanafika baadaye, pa! Mama hakikimbizi kibuyu. Anangoja maziwa yafike, halafu ndipo anakirudisha, kwa kidole tu. Miguu yenu ni yale maziwa. Iacheni ichelewe nyuma, mpite chini mkiwa warefu, ikishapita ndipo mnaipiga mbele. Mkipiga mapema mnapigana na nafsi zenu.

Mjomba aliponyamaza kuvuta pumzi, mama aliuliza swali lake la kwanza.

"Ulikuwa unajua ni mubaya?"

"Hapana. Nilijua kisha. Leo ni wiki tatu."

"Na wiki tatu ulinyamaza?"

"Nilinyamaza. Niliogopa mutasema ni kusudi."

"Na ilikuwa kusudi!" mjomba akadakia.

Mama akasimamisha kibuyu. "Batoto ya kwenu, kule Lumumba, ulikuwa unabafundisha namna gani?"

"Vile vile. Bote. Hata Jeanne wangu, tangu iko mudogo."

"Aa, Jeanne!" mjomba akacheka kicheko kibaya. Mji mzima ulimjua Jeanne. Alikuwa binti wa kwanza kuzunguka kwenye pete hapa, watu walikuwa wanakuja Jumapili kumwangalia. Aliacha akiwa na miaka kumi na nane, akasema masomo yamekuwa mengi, nami nikamwachia. "Jeanne yake iko muzima. Jeanne anabeba maji kila siku, batu banamuona. Njo mujue kama alibafundisha sawasawa."

"Mumulete kesho," mama akasema. "Tutamuona kwa macho."

Nilirudi nyumbani nimekwisha. Mnaelewa mtego ule? Jeanne hakuwahi kulalamika hata siku moja. Akisimama uani pale na mabega yake mazima, atakuwa ushahidi dhidi yangu: mtoto wake alimfundisha vizuri, wa wenzake akamvunja. Mama Jeanne alisema, "Sasa unapeleka na mutoto wetu kule?" Nikamwambia nisipompeleka ndiyo nimekubali kwamba ni kusudi. Akavaa kitenge chake kizuri, akasema tunakwenda wote watatu, na wakitupiga watupige pamoja.

Nitawaambia na aibu yangu yote, ndiyo sababu nimewaketisha. Njiani kwenda Bigo, Jeanne anatembea mbele yangu na mama yake, wazo likanijia: ingekuwa heri bega lake liwe na kasoro kidogo. Kidogo tu. Nililifukuza kama mbwa jikoni. Likarudi.

Uani siku ile walikuwa wengi. Mjomba, wake wa mjomba, majirani, na Dieudo na mkono wake kifuani. Mama Dieudo alimpokea Jeanne kwa mikono miwili, akamuuliza habari za masomo, kama desturi. Kisha akamwambia, kwa upole kabisa, "Binti yangu, pandisha mikono juu. Yote mbili, mpaka masikio."

Jeanne aliniangalia mimi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akainua mikono. Wa kushoto ukapanda, ukafika sikioni. Wa kulia ulipanda mpaka usawa wa jicho, ukasimama. Akajaribu kuupeleka, akauma mdomo, ukatetemeka, ukabaki pale.

"Pandisha," mjomba akasema.

"Njo mwisho," Jeanne akasema. "Unaishaka hapa."

Mama yake alipiga ukelele mdogo. "Na maji? Unabebaka maji kila siku!"

"Nabebaka na ya kushoto, mama."

Mama Dieudo alikwenda mwenyewe, akaushika mkono ule chini ya kiwiko, akauteremsha polepole kama mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Kisha akamgeukia kaka yake, akamwangalia. Mzee yule akaweka fimbo chini. Akaja akasimama mbele yangu, akanishika mkono na kusema, "Pole, ndugu yangu." Mtu aliyenitukania baba yangu jana yake. Nami nikalia mbele za watu, mzee mzima, na wao walidhani ni machozi ya mtu aliyeondolewa lawama.

Uvumi ulikufa siku ile. Kabla ya jua kuzama soko lote lilijua kwamba Metre alimuumiza hata wa kwake. Wakawa wananisalimu tena. Mimi, nawaapia, ningechukua uvumi ule ukae kichwani pangu mpaka leo, mradi mkono wa mtoto ufike sikioni.

Dieudo alirudi ukumbini baada ya mvua kubwa. Pete hakuzishika tena kwa kuzunguka, bega halikukubali, lakini jicho lake ni zuri kuliko langu. Yeye anaona pete zinakaribiana mbavuni kabla mtoto mwenyewe hajajua. Ile desturi yetu, kwamba kabla ya mtu yeyote kuning'inia anainua mikono mbele ya wenzake na kusema panapouma, huku mwalimu amefunga mdomo wake, aliianzisha yeye. Kuna mmoja wenu juzi alisema ni kupoteza wakati. Sitamtaja, anajijua, naona anaangalia dirisha. Mwanangu, mtoto haumii kwa sauti. Mtoto anayempenda mwalimu wake ndiye anayeficha zaidi, na huyo ndiye mtakayemvunja. Kwa hiyo ulizeni, halafu nyamazeni mpaka ajibu, na akisema "hapana, siumwi" mwangalie mkono wake, msiangalie mdomo.

Haya, nimalize, magoti yangu hayataki kukaa chini kama zamani.

Tuliporudi kutoka Bigo siku ile Mama Jeanne alitangulia, anajifanya anatafuta mboga njiani. Mimi na Jeanne tulitembea mpaka tukakaribia Lumumba. Mwisho nikajikaza, nikamuuliza bega lilianza lini kuuma. Akasema zamani, miaka mitatu, minne. Nikasimama katikati ya barabara, pikipiki zinatukwepa.

"Miaka minne, Jeanne? Juu ya nini hukuniambia?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta namna ya kutomuumiza mwenzake, akanisafisha vumbi begani.

"Ulikuwaka unafurahi sana, papa."